Usimwambie Alikuja Nao

Mwaka 1998 daktari bingwa wa macho wa Ujerumani, Theo Seiler, alichapisha pamoja na wenzake taarifa mbili za kitabibu ambazo vichwa vyake vilikaribiana sana. Ya kwanza ilihusu watu waliokuwa na upungufu mkubwa wa kuona mbali, wakafanyiwa upasuaji wa leza uitwao LASIK ili waachane na miwani, kisha konea zao zikalegea na kuanza kutuna. Ya pili ilihusu mgonjwa aliyekuwa na keratokonasi, yaani ugonjwa wa konea kulegea na kuchongoka, ikiwa bado changa na haijajitokeza wazi, hata kabla leza haijamgusa. Wale wa kwanza konea zao zilichongwa zikabaki nyembamba mno. Huyu wa pili aliingia chumba cha upasuaji akiwa na udhaifu uliojificha. Lakini kwenye vichwa vya taarifa zote mbili Seiler alitamka wazi kwamba kulegea huko kumesababishwa na tiba.

Seiler hakuwa mpinzani wa leza. Alikuwa mmoja wa madaktari wa kwanza duniani kuielekeza leza ya eksima kwenye jicho la binadamu, Berlin, katika miaka ya 1980. Kwa hiyo maneno yake yana uzito wa mtu anayeishuhudia kazi ya mikono yake mwenyewe.

Nayataja hayo kwa sababu ya sentensi ambayo wagonjwa bado wanaambiwa. Mtu anarudi kwa daktari miaka kadhaa baada ya leza. Anasema taa za magari usiku zinatawanyika, herufi zina vivuli, na uoni wa jicho moja umeanza kurudi nyuma. Anapimwa, ramani ya konea inaonyesha sehemu ya chini imechongoka, kisha anaambiwa: ugonjwa huu ulikuwa nao tangu zamani, leza imeuibua tu. Wakati mwingine sentensi hiyo ina ukweli ndani yake. Ninachopinga ni matumizi yake, kwani inamhamishia mgonjwa lawama na kulifunga faili papo hapo.

Tuanze na konea yenyewe. Ni kioo cha mbele cha jicho, na katikati ina unene wa takriban mikroni 540, zaidi kidogo ya nusu milimita. Sehemu tisa kwa kumi za unene huo ni tabaka liitwalo stroma, lililojengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopangwa safu juu ya safu, zaidi ya 200. Safu za mbele zimesukwa zikapitana. Za nyuma zimelala sambamba bila kushikana sana. Ndiyo maana nguvu kubwa ya konea iko mbele, na ndiyo maana hatari ya upasuaji huu imeanzia hapohapo, kwa kuwa mbele ndiko kunakokatwa. Nyuma ya konea kuna maji ya jicho yanayosukuma kutoka ndani kwa shinikizo ambalo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Msukumo huo haupumziki, mchana wala usiku, kwa maisha yote ya mtu.

Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba mbele ya konea. Unene wake hutegemea chombo: visu vya zamani vilikusudia hadi mikroni 160 na mara nyingine vikazidisha, leza za kisasa hukata 100 hadi 120 kwa uhakika zaidi. Kifuniko kinafunuliwa, leza ya eksima yenye wimbi la nanomita 193 inachonga stroma iliyo chini yake, kisha kifuniko kinarudishwa mahali pake bila kushonwa. Mgonjwa anakwenda nyumbani siku hiyohiyo, na wengi asubuhi yake wanaona saa ukutani bila miwani. Furaha hiyo ni ya kweli na simdharau aliyeipata.

Lakini hesabu ya upasuaji huu inamstahili kila mgonjwa, na haihitaji shahada. Kwa eneo lenye kipenyo cha milimita 6, kila dioptri moja inayofutwa hula mikroni 12 hivi, na mashine nyingi hula zaidi kidogo, tuseme 14. Mtu mwenye konea ya mikroni 510 na miwani ya dioptri 8 za kutoona mbali, akikatwa kifuniko cha 160, leza itachukua 112. Chini ya kifuniko zitabaki 238. Kiwango ambacho wapasuaji wamekishika kwa miaka mingi ni kwamba zisibaki chini ya 250, na wapo wanaotaka 300. Mtu huyu ameshavuka mpaka kabla hata hatujauliza kama ana ugonjwa wowote.

Swali la kwa nini tunahesabu kilichobaki chini tu, ilhali kifuniko nacho kimerudishwa, lina jibu ambalo wagonjwa wachache wamewahi kuelezwa. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya vipimo vilivyofanywa kwenye konea za watu waliofariki ambao enzi za uhai wao walifanyiwa LASIK. Pembezoni, mahali kifuniko kilipokatwa, kovu lilikuwa na takriban asilimia 28 ya nguvu ya konea ya kawaida. Katikati lilikuwa na asilimia 2.4. Kifuniko kinalala mahali pake na kupitisha nuru safi, lakini mzigo wa lile shinikizo la ndani hakiubebi. Mgonjwa akipimwa unene baada ya upasuaji na kuambiwa ana mikroni 400, sehemu ya mikroni hizo ni mapambo tu. Hii ni tofauti ya kwanza kubwa kati yake na mgonjwa wa keratokonasi, na haionekani kwenye ramani.

Keratokonasi yenyewe inajulikana tangu zamani. John Nottingham, tabibu wa Liverpool, aliiandikia kitabu mwaka 1854. Huanza mara nyingi katika umri wa kubalehe, huendelea katika ujana, na kwa wengi hupungua kasi mtu anapokaribia miaka 40. Hushika macho yote mawili ingawa moja hutangulia. Kwa miaka mingi vitabu vilisema inampata mtu mmoja katika 2,000, hesabu iliyotokana na utafiti wa Minnesota, Marekani, wa mwaka 1986. Vyombo vilipoboreka, Uholanzi ilipata mmoja katika 375. Riyadh, Saudia, watoto na vijana waliofika hospitali kwa shida zisizohusu macho walipopimwa, utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta karibu asilimia 5 yao wanayo. Jamaa zetu walioko Muscat na kwingineko Ghuba wanapaswa kuitazama namba hiyo kwa makini, maana kurithi kuna sehemu yake katika ugonjwa huu na ndoa za binamu zimehusishwa nao.

Halafu kuna kufikicha macho. Paris, Damien Gatinel anashikilia kwamba kufikicha ndiko chanzo chenyewe, kwamba pasipo kufikicha hakuna keratokonasi. Wenzake wengi hawakubali kufika huko, lakini sijui mtaalamu anayebisha kwamba kufikicha kunaharibu. Na hapa Afrika Mashariki kufikicha macho si jambo dogo. Tuna watoto wengi wenye ule mzio wa macho wa utotoni: macho yanawasha msimu hadi msimu, yanakuwa mekundu, weupe wake unageuka kahawia, na mtoto anafikicha kwa vifundo vya vidole hadi usingizini. Utafiti wa shuleni nchini Rwanda ulikuta mzio huo kwa takriban watoto 4 katika kila 100. Wengi wanaishia kununuliwa matone yoyote dukani, tena mara nyingine ya steroidi yasiyosimamiwa na daktari, na hakuna anayewaambia waache kufikicha. Baadhi yao ndio watakaokuwa na konea dhaifu wakifika miaka 20.

Sasa, nini kinatokea konea inapolegea? Cynthia Roberts na William Dupps wa Marekani walieleza mwaka 2014 jambo ambalo naliona ni ufunguo wa mjadala wote. Haihitajiki konea yote iwe dhaifu. Inatosha eneo moja liwe dhaifu kuliko jirani zake. Eneo hilo linavutika zaidi, linapungua unene, linatuna, na kwa kutuna linabeba msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo linavutika tena. Duara hilo likishaanza halijali lilianzishwa na nini. Ndiyo maana ramani za wagonjwa wawili, mmoja wa asili na mmoja wa leza, zinaweza kufanana kiasi kwamba bila historia usingejua yupi ni yupi.

Ukizitazama tishu kwa darubini unapata hadithi nyingine. Kwenye keratokonasi, tabaka la Bowman lililo mbele ya stroma mara nyingi limepasukapasuka, na ugonjwa unaonekana kuanzia mbele. Kwenye konea zilizolegea baada ya LASIK, mipasuko hiyo kwa kawaida haipo. Kilichopungua na ambacho nyuzi zake zimeteleza na kuachana ni ile stroma iliyobaki chini ya kifuniko, iliyoachiwa mzigo peke yake. Katika hatua za mwisho mabadiliko yanakaribiana. Mwanzo wake haufanani.

Narudi kwa ile sentensi ya kliniki. Tuikubali kwa muda: mgonjwa alikuja na keratokonasi iliyojificha. Basi nani alikuwa na kazi ya kuitafuta? Mgonjwa hana ramani ya konea nyumbani. Keratokonasi ilikatazwa kufanyiwa LASIK tangu mamlaka ya Marekani, FDA, ilipoanza kuidhinisha mashine hizo mwishoni mwa miaka ya 1990. Vipimo vya kabla ya upasuaji vipo kwa sababu hiyo hasa. Na tuikatae: mgonjwa hakuwa na kitu, konea yake ilikuwa nzima. Basi udhaifu umetengenezwa pale mezani. Kwa vyovyote vile sioni mlango ambao jukumu linatokea kumwendea mgonjwa. Kama ugonjwa ulikuwepo, kazi ya kuuona haikuwa yake. Kama haukuwepo, kazi ya kuuleta haikuwa yake pia.

Hapa lazima niseme jambo kwa haki ya madaktari. Kuwajibika si lazima kuwe kukosea. Zipo taarifa za wagonjwa waliolegea konea bila alama yoyote ya hatari iliyojulikana, waliopimwa vizuri na kukatwa kwa kiasi. Vyombo vya miaka ya 1990 vilisoma uso wa mbele wa konea tu, ilhali leo vinasoma pia uso wa nyuma, ambako ugonjwa mara nyingi hutangulia kujionyesha, na unene wa kila sehemu. Makadirio ya kulegea konea baada ya LASIK yamekuwa kati ya watu 4 na 60 katika kila 10,000, na uchunguzi bora umesaidia kuyashusha. Daktari aliyefanya yote yanayotakiwa na bado jambo likatokea hastahili kutukanwa. Anastahili kusema: hili limetokana na upasuaji niliokufanyia, tulikabili pamoja. Maneno hayo hayamwondolei heshima.

Umri nao ni shahidi anayesahaulika. Bradley Randleman na wenzake walitunga mwaka 2008 mfumo wa kuhesabu alama za hatari, na ndani yake kijana wa miaka 18 hadi 21 anapewa alama nyingi kuliko wa 28, hata konea zao zikifanana leo. Sababu ni nyepesi: keratokonasi ya kijana huenda bado iko njiani. Anayemwambia kijana wa mwaka wa kwanza chuoni kwamba ramani yake ni safi amemwambia habari za leo peke yake.

Na fikiria nani hasa anaingia kwenye kliniki ya leza. Mtu ambaye miwani yake inamtosha na haibadiliki hana haraka. Anayekuja kwa hamu ni yule ambaye kila mwaka anaandikiwa miwani mpya, silinda yake inapanda, na hata na miwani haoni sawasawa. Huyo amechoka. Malalamiko yake ndiyo dalili za keratokonasi inayoendelea, kwa hiyo ugonjwa wenyewe unamsukuma kwenye mlango ambao hapaswi kuuingia. Miongoni mwa wanaoomba leza, konea zenye mashaka ni nyingi kuliko mitaani. Kliniki inayojua hivyo na bado inatangaza bei ya punguzo ya mwisho wa mwezi inaniudhi kwelikweli.

Nairobi na Dar es Salaam huduma ya leza ipo, na Waafrika Mashariki wengi wanaokwenda India kwa matibabu huona leza kama jambo la kukamilisha safari: umempeleka mama kwa moyo, na wewe urudi bila miwani. Unapimwa leo, unapasuliwa kesho, unapanda ndege. Jicho linapoanza kubadilika miaka 4 baadaye, aliyekata yuko ng'ambo ya bahari, na mgonjwa hana karatasi hata moja inayosema konea yake ilikuwa mikroni ngapi, kifuniko kilikuwa cha mikroni ngapi, na leza ilichukua ngapi. Daktari wa hapa anaanza upya gizani. Bila ramani ya kabla ya upasuaji hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mgonjwa "alikuja nao", wala kwamba hakuja nao. Sentensi ile inasemwa mara nyingi pale ambapo ushahidi wake haupo.

Matibabu yapo, na hapa historia inamrudia Seiler. Mwaka 2003 yeye, Gregor Wollensak na Eberhard Spoerl walichapisha kutoka Dresden matokeo ya macho 23 yenye keratokonasi. Walikuwa wameyadondoshea riboflavini, yaani vitamini B2, kisha wakayamulika kwa mionzi ya urujuanimno kwa dakika 30 ili nyuzi za kolajeni zifungane zaidi. Ugonjwa ulisimama. FDA iliidhinisha tiba hiyo ya kukaza konea mwaka 2016, Aprili kwa keratokonasi na Julai kwa konea zilizolegea baada ya upasuaji. Kuwa na vibali viwili badala ya kimoja kunaonyesha kwamba wadhibiti wenyewe hawakuyachukulia magonjwa haya kuwa kitu kimoja. Katika majaribio yaliyotegemewa huko Marekani, baada ya mwaka mmoja sehemu iliyochongoka zaidi ilipungua kwa wastani wa dioptri 1.6 kwa wagonjwa wa keratokonasi, na kwa dioptri 0.7 tu kwa wale wa baada ya leza. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: tiba hukaza zaidi sehemu ya mbele ya konea, na kwa mtu wa LASIK sehemu kubwa ya mbele ni kile kifuniko kisichobeba mzigo. Unakaza pasipovuta.

Kukaza kunazuia jicho lisizidi kuharibika. Hakumrudishii mtu uoni alioupoteza. Baada yake wengi wanahitaji lenzi ngumu za kuvaa, au zile pana zinazokalia weupe wa jicho, ambazo bei yake hapa kwetu ni mzigo mzito na mafundi wake ni wa kutafuta. Wachache wanafika kwenye kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Taarifa zilizochapishwa miaka ya 1990 kuhusu upandikizaji wa konea uliofanyika Kikuyu, Kenya, zilionyesha keratokonasi miongoni mwa sababu kuu, na upatikanaji wa konea za kupandikiza katika ukanda wetu umebaki mdogo kuliko mahitaji. Mtu aliyelipa ili aondokane na miwani, akaishia kuvaa lenzi ngumu kila asubuhi huku akingoja konea ya marehemu, amepata hasara ambayo neno "madhara nadra" haliitoshi.

Marekani sauti za watu hao zilisikika hadharani tarehe 25 Aprili 2008 huko Gaithersburg, Maryland, mbele ya jopo la washauri wa FDA. Walisimama wagonjwa na ndugu wa wagonjwa, wakaeleza. Miaka 3 baadaye Morris Waxler, aliyekuwa ofisa wa FDA wakati leza hizi zinaidhinishwa, aliiomba taasisi hiyo ibatilishe vibali. Alikataliwa. Simuungi mkono katika ombi hilo, kwa kuwa tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi mno wa waliofanyiwa wanaridhika. Namuunga mkono katika kukataa kuwafanya wachache waonekane kama bahati mbaya isiyokuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo natamani wizara zetu za afya na mabaraza ya madaktari waweke sharti jepesi: hakuna leza kwenye konea bila ramani ya nyuso zote mbili, mbele na nyuma, na bila mgonjwa kukabidhiwa nakala yake pamoja na zile namba tatu, za konea, za kifuniko na za leza. Ni ukurasa mmoja. Anayekwenda ng'ambo naye adai ukurasa huo kabla ya kulipa. Natamani pia wagonjwa waliolegea konea baada ya upasuaji waandikwe kwenye daftari lao, wasichanganywe na wa asili, maana tukiwachanganya hatutajua kamwe upasuaji wetu unaumiza wangapi. Na mwenye konea yenye mashaka aambiwe bila kuzungushwa kwamba miwani, lenzi za kuvaa, au kwa wengine lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho bila kuchonga konea, ndizo njia zake.

Kwa aliyekwishafanyiwa, iwe LASIK, PRK ya kuchonga juu bila kifuniko, au SMILE ya tundu dogo, kulegea kumeripotiwa kote ingawa si kwa kiwango kimoja, na huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Kama jicho moja limeanza kufifia, au silinda imerudi, au usiku taa moja inaonekana kama tatu, asikubali kuandikiwa miwani mpya kwanza. Aombe ramani ya konea, na kama inawezekana arudie baada ya miezi michache ili zilinganishwe, kwa sababu konea inayobadilika hukazwa mapema au hukazwa kwa hasara. Na mkono wake ukae mbali na jicho hata likiwasha namna gani. Kwa kuwasha kuna matone ya mzio.